Nusu siku baharini na mama

Jana nilikodi mashua nzima kwa nusu siku huku Lamu, mimi na mama tu. Ana miaka 64 na alikuwa hajawahi kupanda chombo cha baharini. Sikutaka abanane na wageni huku moyo unamdunda.

Saa aliipanga nahodha. Tulitaka kufika Takwa, magofu ya mji wa Waswahili kisiwani Manda, na mkono wa bahari unaoelekea huko hupita katikati ya mikoko, haupitiki mpaka maji yajae. Basi saa moja asubuhi tulikuwa tumeshang'oa nanga kijijini Shela. Upepo wa kusi ukajaza tanga, mama akanishika mkono hadi vidole vikauma. Tulipoingia kwenye mikoko tanga likashushwa, baharia akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kukawa kimya kabisa. Hapo ndipo aliponiachia. "Mwanangu, polepole hivi hivi," akamwambia yule baharia. "Usijali, mama."

Wenyeji wa Takwa walihama karne ya 17. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama, na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla. Mama alivua viatu kabla ya kuingia, ingawa hakuna paa wala mkeka. Ningekaa zaidi, ila maji yalishaanza kupwa.

Njiani kurudi tulikula samaki changu wa kuchoma, wa moto, na ndimu. Mkikodi, pataneni bei na saa ya kurudi kabla ya kupanda. Mama ameshaniuliza tutarudi lini.