Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Wageni kwenye Maziwa ya Rungwe

Saa 11:00 alfajiri huamka nyumbani kwangu Tukuyu, na kabla sijabandika chai hutoka nje kuutazama Mlima Rungwe. Kilele chake, chenye urefu wa takriban mita 2,960, kikionekana wazi, safari itaanza na Ziwa Ngosi, lililo juu ya mlima jirani. Kikiwa kimefunikwa, huchelewesha kuondoka, kwa kuwa mgeni aliyepanda hadi ukingoni na kukuta ukungu mtupu hawezi kufarijiwa kwa maelezo yoyote. Leo kinaonekana.

Saa 12:30 nawachukua wageni wangu, mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka Morogoro na binti yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Huko juu kweli nitafika?”

“Utafika, mama. Sisi ndio tutakaofuata mwendo wako.”

Binti alikuwa amependekeza tuanze na Daraja la Mungu kwa sababu si mbali na barabara kuu, lakini nilimwomba tuugeuze mpango. Nchi hii imeumbwa na volkano, katika eneo ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, na anayeanzia juu kisha akateremka huelewa haraka zaidi anachokiona huko chini.

Saa 2:00 tunaiacha lami pale Isongole, penye magunia ya viazi mviringo yanayosubiri malori, na kushika barabara ya vumbi hadi chini ya mlima wa Ngosi. Baada ya kulipia kiingilio na kuandikishwa, tunapita kwanza katika mashamba, halafu njia inazama msituni. Hapa ndipo ninapopenda kuchelewa. Kuna mianzi, kuna migomba mwitu yenye majani mapana, na mbega huruka juu ya vichwa vyetu mara nyingi wakisikika kabla ya kuonekana. Nikibahatika humwonyesha mgeni kinyonga wa Poroto, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Leo bahati hiyo haikuwepo, ila mama alikuwa na shughuli nyingine, maana mteremko wa mwisho unapandwa kwa kushika mizizi na fimbo.

Saa 4:30 tunasimama ukingoni, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini kabisa ya kuta zilizojaa miti: maji ya kijani kibichi, yenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na kina kinachozidi mita 70. Hakuna mto unaotoka humo. Mama aliuliza swali ambalo wengi hawaliulizi, kwamba mlima wenyewe ulikwenda wapi. Nilimweleza kwamba volkano ilipotapika miamba iliyoyeyuka kwa wingi, chumba kilichokuwa chini yake kilibaki wazi, paa lake likaporomoka, na shimo hilo likakusanya maji. Wataalamu wanakadiria kwamba mlipuko wa mwisho ulitokea karibu mwaka 1450, muda ambao kwa umri wa milima ni kama jana. Ipo njia ya kushuka hadi majini, lakini ni ya wima na huteleza vibaya baada ya mvua, kwa hiyo leo sikuiruhusu, ingawa binti alinuna kidogo.

Saa 8:00 tunakula ndizi na maharage kwa haraka.

Saa 9:15 tuko Mto Kiwira. Daraja la Mungu ni mwamba wa lava, yaani mwamba ulioyeyuka, uliovuka mto na kupoa, huku maji yakiendelea kupita chini yake. Jirani, pale Kijungu, mto huohuo unatumbukia katika chungu cha mwamba na kutoweka kwa kishindo kabla ya kutokeza tena. Eneo hili linapakana na chuo cha Magereza, hivyo kamera huelekezwa mtoni tu.

Saa 11:00 jioni tunafika Ziwa Masoko, katika nchi ya chini yenye joto. Ziwa hili ni dogo na la mviringo, lililochimbwa na mlipuko wa magma, yaani miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi, iliyokutana na maji ya ardhini. Wanasayansi wamechukua tope la kina chake na kusoma humo historia ya hali ya hewa ya miaka 45,000. Wageni wengi, hata hivyo, huvutiwa zaidi na boma la mawe la Wajerumani na simulizi ya wakazi kwamba askari walitupa sarafu na silaha ziwani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi huisimulia kama simulizi.

Saa 1:30 usiku, mjini Tukuyu, tunapanga ya kesho. Binti anataka tuunganishe Hifadhi ya Taifa ya Kitulo na ufukwe wa Matema kwa siku moja, nami nakataa: maua ya Kitulo huchanua kati ya Novemba na Aprili, na sasa ni Agosti. Kesho ni Jumamosi, siku ya soko la vyungu vya Wakisi, kabila la wafinyanzi, pale Lyulilo karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone. Tumekubaliana kuondoka saa 12:00 asubuhi, na mama ameshaniuliza kama chungu kikubwa kitaingia kwenye buti la gari.