Kila Oktoba 14 naikumbuka kanda ya mzee

Leo tena Nyerere Day, hatuendi kazini, na status za watu zimejaa picha za Mwalimu na nukuu zake (nyingine sijui hata kama alizisema yeye 😂). Mi siku hii ikifika kinachonijia kwanza ni kanda.

1999 niko form two, Temeke. Mzee wangu alikuwa na kanda zake za Mlimani Park, ile bendi ya dansi, zile orijino zisizo na vile viplastiki vya juu ili mtu asirekodi tena, basi mi natafuna karatasi naziba matundu, nakaa na redio kaseti navizia wapigwe wana rap, Mr II au Kwanza Unit, wakipigwa tu nabonyeza batani mbili kwa mpigo. Mtangazaji akichombeza katikati ya wimbo, unatamani kulia. Redio ikitafuna mkanda unachukua kalamu ya Bic unauzungusha taratiiibu.

Ile Alhamisi Rais Mkapa akatangaza Mwalimu amefariki, London, saratani ya damu. Kuanzia hapo redio ikawa ni kwaya na maombolezo tu. Na naomba nikiri hapa, nilinuna. Nchi nzima inalia mi nimenuna kisa hakuna rap redioni.

Mzee ndo alilia. Huyu mtu wakati wa Azimio la Arusha, 1967, alikuwa kijana, alitembea kwa miguu na wenzie kuliunga mkono, hadithi tulishaichoka nyumbani. Mwili ulipoletwa akaenda Uwanja wa Taifa kupanga foleni, karudi usiku viatu vumbi tupu, hasemi na mtu. Akafungua boksi la kanda, akachagua moja, akaiweka.

Akatoka Mr II.

Nikasema leo nimekwisha. Akakaa kimya anasikiliza jamaa anavyochana kuhusu maisha magumu, mwishoni akauliza tu, "Na huyu naye nani kamuudhi?" Nikamwambia ni mambo ya serikali, baba. Akaguna. Halafu pale rekodi yangu ilipoishia yakaingia magitaa ya Mlimani Park, katikati ya wimbo, akanyoosha mkono akaongeza sauti.

Sasa hivi nakaribia umri aliokuwa nao siku ile. Kanda ninayo, redio ya kuipigia ndo sina.