Bustani yetu ya mtaa, Sinza: kiangazi cha kwanza

Juni, wiki ya pili

Leo nimepita mche mmoja mmoja. Tulipanda 24 mwezi wa nne, masika yamekolea. Iliyo hai ni 17. Siku ya kupanda tulijaa hadi majembe hayakutosha. Kumwagilia tumebaki wawili, mimi na mama ntilie wa pale kona. Maji ya kuoshea mchicha anamwagia mwarobaini ulio karibu na jiko lake, na huo ndio mrefu kuliko yote, unanifika kiunoni.

Ardhi yetu ni mchanga. Ndoo nzima inazama na kesho yake pakavu. Sasa natumia chupa za maji za lita moja na nusu: nakata kitako, natoboa kifuniko kwa msumari wa moto, nafukia chupa kichwa chini karibu na shina. Maji yanachuruzika taratibu mpaka kwenye mizizi. Majani makavu, ambayo nilikuwa nafagia na kuchoma, sasa natandaza juu ili unyevu usipotee.

Julai

Katika miche saba iliyokufa, minne ni mikungu, na yote ilivunjwa na mpira. Kosa letu. Tuliipanda katikati ya uwanja wa chandimu wa watoto bila kuwauliza. Nimekaa nao, wakanionyesha wenyewe pa kupanda: pembeni, upande wa magharibi, kivuli kiwafikie jioni wakicheza. Wameahidi kulinda, na nawaamini.

Agosti

Nimekuta tripu ya tofali imemwagwa kona ya mashariki. Moyo ulinipasuka. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia, na maeneo ya wazi yalitengwa kwenye ramani tangu hapo. Eneo la wazi likikaa bila matumizi, watu huliona halina mwenyewe. Nilibeba nakala ya ramani hadi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Siku ya tatu tofali zikaondolewa. Tumeandika barua kuomba bikoni, zile alama za mipaka ya eneo, zifufuliwe. Naona tungeanza na hizo kabla ya mche wowote.

Vuli ikianza, Oktoba, tunajazia mapengo saba. Chupa ninazo tano; mama ntilie ananiwekea nyingine.