Kipozeo cha pili cha giaboksi katika stesheni wagoni yangu ya turbo

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yana kazi nyingi kwa wakati mmoja: hupeleka nguvu ya injini ndani ya konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi), husukuma klachi kwa presha, hulainisha gia na beringi, kisha huondoa joto linalozaliwa na kazi hizo zote. Gari langu ni Volvo 850 ya miaka ya 1990, stesheni wagoni yenye injini ya turbo ya silinda 5 na ujazo wa lita 2.3, na giaboksi yake ni AW 50-42 ya gia 4 iliyotengenezwa na Aisin AW ya Japani. Ninaithamini giaboksi hiyo kiasi cha kutaka idumu kuliko bodi, na ndiyo sababu nimeifungia kipozeo cha pili cha mafuta. Ninaeleza hapa nilivyokifunga na kwa nini, kwa kuwa nimeona wenye magari ya aina hii wakitafuta kipozeo kikubwa kuliko vyote, halafu wanakibana popote palipobaki nafasi.

Chanzo kikubwa cha joto ni konveta. Ndani yake mna magurudumu mawili ya mapanga yanayotazamana katika mafuta, moja likizungushwa na injini na la pili likizungusha shafti ya giaboksi, na kadiri mwendo wa magurudumu hayo unavyotofautiana, ndivyo nguvu nyingi zaidi inavyopotea na kuwa joto. Gari linapotulia katika mwendo wa barabara kuu, klachi ya ndani ya konveta hufunga, magurudumu yote mawili huzunguka pamoja, na joto hushuka. Shida huja pale gari lililojaa mizigo linapopanda mlima polepole: klachi hiyo huwa imefunguka, turbo huwa inasukuma kwa bidii, na upepo wa kupoza mbele ya gari huwa mdogo. Injini za turbo za aina hii hutoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa takriban nyutoni-mita 300 kuanzia karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, na msokoto huo wote hupitia kwenye mafuta hayo.

Kutoka kiwandani, mafuta hupozwa na kipozeo kidogo kilichomo ndani ya tangi la pembeni la rejeta. Ni mpango mzuri, lakini una mipaka miwili. Kwanza, mafuta hayawezi kuwa baridi kuliko maji yanayoyapoza, na siku injini inapofanya kazi ngumu maji hayo nayo huwa moto. Pili, rejeta huzeeka. Ukuta unaotenganisha maji na mafuta ukitoboka, maji yenye kizuia kuganda huingia giaboksini na kulegeza gundi inayoshikilia ngozi za klachi, na baada ya hapo kubadilisha mafuta peke yake hakuokoi kitu. Kwa hiyo, kwa gari lenye umri huu, ningeanza na rejeta mpya kabla ya kununua kipozeo chochote. Kanuni ya kukadiria inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba, joto la mafuta likishapita kiwango cha kawaida cha nyuzijoto 80 hadi 95 za Selsiasi, kila nyongeza ya takriban nyuzi 10 hupunguza umri wa mafuta karibu nusu.

Wapo wanaoliruka tangi la rejeta kabisa na kupeleka mafuta moja kwa moja kwenye kipozeo cha hewa. Mimi sikubaliani nao. Maji ya rejeta huchukua joto jingi katika nafasi ndogo, na asubuhi ya baridi husaidia kuyapasha mafuta yafike katika hali yake ya kazi. Mafuta mazito huchelewesha ubadilishaji wa gia na kuiongezea pampu mzigo. Mpangilio niliouchagua ni huu: mafuta yanatoka giaboksini, yanapita kwenye rejeta, yanakwenda kwenye kipozeo cha hewa, kisha yanarudi giaboksini. Kwa njia hiyo kipozeo kipya humalizia kazi ambayo rejeta imeianza. Mahali penye majira ya baridi kali ningeongeza valvu ya thamostati inayoyarudisha mafuta bila kuyapitisha kwenye kipozeo hadi yapate moto.

Suala lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni mahali pa kukifunga. Mbele ya gari la turbo pamebanana: kuna kondensa ya kiyoyozi, kuna intakula inayopoza hewa iliyokandamizwa na turbo, na kuna rejeta. Ukikiweka kipozeo mbele ya intakula, hewa moto inayotoka humo hupitia kwenye intakula, hewa inayoingia kwenye injini hupanda joto, na unakuwa umeiokoa giaboksi kwa kuinyima injini. Nilichagua kipozeo kidogo cha sahani zilizopangwa, ambacho hupoza vizuri kwa ukubwa wake kuliko kile cha bomba lililokunjwakunjwa lenye mapezi, nikakiweka chini upande mmoja, nyuma ya tundu la bampa, ambako kinapata upepo wake chenyewe. Kimeshikwa na breketi za chuma zenye raba. Vile vifungo vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi sikuvitumia, kwa sababu mtikisiko huvifanya visage mabomba membamba taratibu hadi yatoboke.

Kabla ya kukata chochote ni lazima kujua bomba lipi linatoka na lipi linarudi. Washa injini ikiwa baridi kabisa na uguse mabomba yote mawili karibu na rejeta: linalotangulia kupata moto ndilo linalotoka giaboksini. Unapofungua nati kwenye rejeta, shika kiungio cha upande wa tangi kwa spana ya pili ili kisizunguke, kwani tangi ni la plastiki na kipozeo cha ndani kinaweza kupasuka kikisokotwa. Hozi iwe ya mafuta ya giaboksi, yenye kustahimili joto na presha, kwa maana hozi ya maji ya hita hulainika na kuvimba ikipitisha mafuta haya. Nchani mwa kila bomba lazima pawe na tuta la kuizuia hozi isichomoke, na mahali hozi inapopita karibu na chuma niliivika ganda la ziada.

Nilifunga pia geji yenye sensa kwenye bomba linalotoka giaboksini, kabla ya rejeta, kwa sababu hapo ndipo joto la konveta huonekana mapema. Katika mwendo wa kawaida sindano haijabadilika sana, jambo linaloniridhisha, kwa kuwa sikutaka mafuta yawe baridi kupita kiasi. Tofauti iko mlimani: sindano bado hupanda, lakini mara klachi ya konveta inapofunga hushuka upesi kuliko zamani.

Kipozeo na hozi zake huhitaji mafuta ya ziada, kwa hiyo kipimo lazima kirudiwe: giaboksi iwe imepata moto, gari liwe mahali pa tambarare, injini iwe inanguruma polepole, na mkono wa gia upitishwe katika kila nafasi kabla ya kurudishwa kwenye P (nafasi ya kuegesha). Ndipo kijiti kichomolewe, kifutwe na kusomwa upande wa alama za moto. Mafuta yakizidi hupigwa na gia hadi kutoa povu, na povu haliwezi kushikilia presha ya klachi, kwa hiyo mimi huongeza kidogo kidogo na kupima tena kila mara. Baada ya safari ya kwanza ndefu nilikagua viungio vyote kwa kitambaa cheupe, nikavikaza viwili vilivyokuwa na unyevu mwekundu wa mafuta ya giaboksi.