Usilipe: nilivyowafikishia wasomaji habari za majarida yanayohama

"Madam, samahani, hivi mmeliondoa lile jarida la ukunga?"

Aliyeniuliza alikuwa mwanafunzi wa uzamili, mama mtu mzima, muuguzi anayesoma huku anafanya kazi za zamu. Ilikuwa mwishoni mwa Januari, joto la Dar es Salaam limekolea, feni inazungusha hewa ya moto, na yeye katoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi dawatini kwangu, kwenye maktaba ya chuo. Akanieleza kwamba kwa wiki tatu kila akibofya linki aliyoihifadhi, ukurasa unamtaka alipie. Akaamini chuo kimeacha kulipa. Akamwomba shemeji yake mwenye kadi ya benki, wakanunua makala mbili, kila moja dola thelathini na kitu.

Nikafungua mbele yake. Jarida lilikuwepo, matoleo yote. Lilikuwa limehama tu Januari 1, kutoka kwa mchapishaji mmoja kwenda kwa mwingine, na huko lilikohamia tulikuwa na haki ya kulisoma bila yeye kutoa hata senti. Akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Sasa mbona hamkutuambia?"

Tulikuwa tumewaambia. Tangazo lilikuwa ukurasa wa tatu wa taarifa yetu ya mwezi, aya ya pili, na niliiandika mimi mwenyewe. Zile dola zaidi ya sitini za yule mama zilinikaa rohoni mwezi mzima. Ninayoyaeleza hapa yalianzia siku ile.

Kwanza nieleze kwa nini Januari inatutesa. Mikataba mingi ya majarida huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na majarida yanayobadilisha mchapishaji nayo kwa kawaida huhama siku hiyo hiyo ya kwanza ya mwaka. Vyuo vyetu hufungua Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mwanafunzi anafundishwa njia za kuingia mwanzo wa muhula, anazizoea, anahifadhi linki zake, halafu katikati ya muhula, mitihani inapokaribia, njia zinabadilika. Aliyepanga kalenda hizi mbili hakuwahi kukaa kwenye dawati langu.

Ile taarifa ya mwezi nayo ilitoka kwenye ushauri. Mwezeshaji mmoja wa warsha alitusisitizia kwamba kazi ya mkutubi ni kumwambia kila mtu kila kitu, kwa kila njia, mara kwa mara. Nikaamini. Kwa muhula mzima nikatoa kurasa nne kila mwezi, zenye nembo, rangi na picha ya jengo, majina ya hifadhidata, yaani mikusanyo ya majarida mtandaoni, yamepangwa kwa alfabeti, na kila badiliko limeelezwa kwa ukamilifu. Ilikuwa inanichukua siku tatu nzima. Nilituma kwa barua pepe kwa wanafunzi na wahadhiri wote, na nakala chache nikabandika kwenye mbao za matangazo.

Baada ya kisa cha yule muuguzi nikataka kujua ni nani hasa anaisoma. Toleo lililofuata nikapenyeza mstari mmoja katikati ya ukurasa wa tatu: atakayesoma hapa aje dawatini achukue daftari na kalamu. Nilinunua Kariakoo madaftari na boksi la kalamu, kama elfu ishirini na kitu hivi, nikaviweka chini ya meza. Nikasubiri wiki ya kwanza. Hakuna. Wiki ya pili, Alhamisi jioni, nikamwona mlinzi wetu wa getini amesimama mbele ya dawati, kofia mkononi.

"Mama, nimesoma kwenye karatasi pale ukutani, wameandika nije kuchukua daftari."

Nikampa madaftari mawili na kalamu tano, maana ndiye peke yake aliyekuja katika chuo kizima. Usiku ule nikaifikiria sana karatasi ile. Yeye hakuwa na haja na jarida lolote, ila karatasi ilikuwa mahali anaposimama kila siku. Wenye haja, tangazo letu lilikuwa kwenye sanduku la barua pepe wanalolifungua siku ya kusajili masomo tu. Toleo lile lilikuwa la mwisho. Mkuu wangu alipouliza nikamwonyesha lile boksi la kalamu lilivyobaki, naye akaelewa.

Tangu hapo kila badiliko nalitafutia jibu la maswali mawili: linamgusa nani, na huyo mtu atakwama wapi? Jarida la ukunga haliwahusu watu wa sheria. Nikaacha kuwatangazia wote. Kila idara ina kiongozi wa darasa, CR, naye ana kundi lake la WhatsApp ambalo halilali. Namba zao nazikusanya wiki ya kwanza ya muhula, na lazima uzikusanye upya kila mwaka kwa sababu viongozi hubadilika. Mimi siingii kwenye makundi yao. Namtumia CR ujumbe, yeye anaupeleka kwa lugha yake, na wenzake wanamwamini kuliko wanavyoniamini mimi.

Ujumbe wenyewe ulinigharimu majaribio mengi. Nilianza kuandika "hifadhidata imehamia jukwaa jipya" nikaona CR wananijibu kwa alama ya dole gumba na mambo yanaishia hapo. Wanafunzi hawasemi hifadhidata. Wanasema "pale tunapopataga makala za afya". Ujumbe uliofanya kazi ulikuwa huu, na mpaka leo nautumia kama kiolezo:

"Wa uuguzi na ukunga: lile jarida la ukunga limehama tangu Januari 1. Ukibofya linki ya zamani utaambiwa ulipie. USILIPE. Tumelipata kwenye linki hii ya maktaba. Ukikwama nitumie picha ya skrini au njoo dawatini kabla ya saa kumi."

Neno USILIPE ndilo lililowaamsha. Siku ile ile nilipokea picha za skrini zaidi ya kumi, nyingine za majarida ambayo hata sikujua yamehama. Wengine walikuwa wamekwama tangu mwaka uliopita, wakakaa kimya wakidhani ndivyo ilivyo.

Halafu kuna steshenari, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ninajivunia jambo hili kuliko mengine yote.

Kwenye zile picha za skrini niligundua kitu. Nyingi zilikuwa na mandhari moja nyuma: picha ya gari jekundu, na faili zilizotapakaa zenye majina ya watu. Nikamuuliza kijana mmoja wa mwaka wa tatu hiyo ni kompyuta ya nani. "Ya steshenari pale nje, madam. Ndiko tunakodownloadia." Bando ni ghali, kompyuta za maktaba zina foleni, kwa hiyo mtu anaenda kwenye kibanda cha fotokopi, anakaa, anatafuta makala, anaichapa hapo hapo, na siku akimaliza tasnifu anaibaindi hapo hapo. Miaka yote hiyo tulikuwa tunabandika matangazo ndani ya uzio, na wasomaji wetu wako nje ya geti.

Jumamosi moja nikaenda. Kibanda kina kompyuta nne, mashine mbili za fotokopi, na kijana mmoja anayefanya yote kwa wakati mmoja.

"Karibu mama. Kuchapa au kubaindi?"

Nikamwambia natoka maktaba ya chuo, naomba kuona kompyuta zake. Kwanza akaogopa, akadhani nimekuja kwa habari za kurudufu vitabu. Nikakaa, nikafungua kivinjari. Pale juu kulikuwa na linki kumi na moja zilizohifadhiwa na wanafunzi wa miaka mbalimbali. Saba zilikuwa zimekufa. Moja ilikuwa ya Hinari ya zamani kabisa, ule mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, ya wakati ule Hinari na wenzake, AGORA wa kilimo na OARE wa mazingira, kila mmoja una mlango wake, kabla haijaunganishwa kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni wa Research4Life. Wanafunzi walikuwa wanagonga mlango ule, haufunguki, wanaondoka wakisema chuo hakina kitu.

Nikazifuta zote saba. Nikaweka moja tu, ukurasa wetu wa maktaba, nikaipa jina "MAKALA BURE ZA CHUO" kwa herufi kubwa. Nikabandika na karatasi ndogo pembeni ya skrini yenye maelezo mistari minne. Yule kijana akatazama, akasema, "Mama, ungekuja zamani. Hawa wanakaa hapa saa nzima wanagombana na kompyuta, foleni haisogei." Faida yake na yangu zikawa moja. Siku ile nilizunguka vibanda sita, nikatumia nauli na maji ya kunywa, haikufika elfu tano. Sasa naenda mara mbili kwa mwaka, Novemba na katikati ya Januari, na kukitokea la dharura nampigia yule kijana, naye anawaambia wenzake.

Na ule ukurasa mmoja una siri yake. Nilikaa na kijana wetu wa TEHAMA tukatengeneza linki fupi za kwetu wenyewe kwa kila hifadhidata. Mchapishaji akibadilisha anwani yake, tunarekebisha nyuma ya pazia, linki aliyohifadhi mwanafunzi inabaki ile ile. Kazi ilikuwa siku mbili na chapati chache za chai. Mwalimu wa kozi anaweka linki yetu kwenye mwongozo wa somo, haiozi. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, lianze hili, maana badiliko ambalo msomaji halioni huhitaji kulitangaza.

Neno la siri ndilo lililonipa shida ya aina yake. Kuna huduma ambazo taasisi nzima inatumia jina moja na neno la siri moja, na masharti hayaruhusu kuliweka hadharani mtandaoni. Likibadilika, unawaambiaje watu bila kulitaja? Mwenzangu mmoja alishauri tulitume kwa CR wote tu, litajisambaza. Nilikataa na nashukuru nilikataa, kwa sababu likivuja nje tunaweza kufungiwa sisi sote. Natuma ujumbe kwamba la zamani limekufa leo, jipya liko ndani ya akaunti yako ya maktaba, na asiye na akaunti aje na kitambulisho, dakika tatu nyingi. Siku ya kwanza foleni ilifika mlangoni. Sikuona kero, kila aliyesimama pale alikuwa mtu anayetaka kusoma.

Wahadhiri ni habari nyingine. Hao siwaandikii kundi zima. Kila idara ina katibu muhtasi, na hakuna karatasi inayompita. Nikampelekea nusu karatasi, anaiweka juu ya makaratasi ya kikao cha idara. Mzee mmoja wa historia alikuwa ananilaumu kila mwaka kwamba tunampunguzia majarida ya JSTOR, ile hifadhi kubwa ya majarida mtandaoni. Ilibidi nimfuate ofisini nimweleze kwamba hakuna kilichopunguzwa, bali majarida mengi kule yana ukuta unaosogea: matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni huwa hayajaingia, na kila mwaka yanaongezeka ya mwaka mmoja. "Ungeniambia hivyo tangu zamani, mwanangu," akasema. Nikamwitikia, maana ni kweli.

Jambo jingine nililojifunza kwa maumivu ni tarehe ya mwisho. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, baadhi ya wachapishaji walifungua majarida yao kwa muda. Tukatangaza kwa furaha: sasa mnapata bure. Hatukuandika hadi lini. Muda ulipokwisha, watu wakaja juu, wakahisi wameibiwa. Leo sitoi tangazo la jarida lililofunguliwa kwa majaribio au kwa ofa bila kuandika siku litakapofungwa, na wiki moja kabla nawakumbusha wapakue wanachohitaji. Wapakue kwa kiasi, nawaambia hivyo pia, kwa sababu tulishafungiwa chuo kizima siku kadhaa baada ya mtu mmoja kutumia programu ya kukomba makala kwa mamia.

Na kuna siku hakuna kilichobadilika, ila watu wanadhani kimebadilika. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Jumatatu nafika kazini nakuta maneno yameshazagaa: maktaba haijalipa, tumekatiwa. Huwezi kukanusha kwa WhatsApp wakati WhatsApp yenyewe inasuasua. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: "Mtandao ni tatizo la nchi nzima. Majarida yetu yote yapo. Hapa ndani kuna makala tulizopakua na tasnifu za zamani, njoo na flashi." Nikatoa fotokopi ishirini. Za kwanza nikazipeleka getini.

Mlinzi alikuwa yule yule. Akaisoma taratibu hadi mwisho, akaibandika usawa wa macho, akakaza gundi pembe zote nne kwa kidole gumba. Kisha akawa anamwambia kila anayeingia, "Soma kwanza hapo." Mpaka saa sita mchana hakuna aliyekuja kuniuliza kama tumekatiwa. Walikuja na flashi.

Sasa ni Desemba. Nina orodha ya majarida tisa yatakayohama Januari 1, matatu ni ya uuguzi. Ujumbe nimeshauandika, na nimempigia simu yule muuguzi, amebakiza sura moja ya tasnifu, nikamsomea majina yote matatu.