Kopo lililogeuka bomba
Jana jioni mpwa wangu kaniletea swali: mcheduara, yaani umbo kama la kopo, una ujazo wa sentimita za ujazo 1,540, nusu kipenyo chake ni sentimita 7, tafuta kimo. Nikajitia bingwa. Nikachukua 22/7, ile thamani ya pai, nikazidisha kwa 7, nikapata 22, kisha 1,540 gawanya kwa 22. Jibu 70! Nikampa daftari kwa madaha.

Akatazama kamchoro kake, akasema, "Mjomba, hili si kopo tena, ni bomba."

Kumbe nimesahau kuzidisha 7 kwa 7, yaani kipeo cha pili! Tukaanza upya kwenye kitako: 22/7 × 7 × 7 = 154. Hilo ndilo eneo la duara la chini. Maana yake kila sentimita moja ya kimo inabeba sentimita za ujazo 154, basi swali ni tabaka ngapi za namna hiyo zinafikisha 1,540. Kumi. Mtoto alilijibu hilo kwa kichwa, mimi bado nashika kikokotoo.

Swali lililofuata walitoa kipenyo. Nikagawa kwa 2 haraka kabla hajafungua mdomo.