Nilivyofundisha "can't make head or tail of it" kwa wanafunzi wa jioni Mwanjelwa

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Mwanjelwa, Mbeya, wengi ni makarani wa usafirishaji na mawakala wa forodha wa njia ya Tunduma. Kiingereza cha nyaraka wanakimudu. Misemo ndiyo huwapiga chenga. Huu wa "can't make head or tail of it", yaani kushindwa kabisa kuelewa kitu, unadanganya kwa urahisi wake, maana Kiswahili kina ndugu yake: habari haina kichwa wala miguu. Hata Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwa Kilatini "nec caput nec pedes", yaani kichwa wala miguu vilevile. Waingereza wao walichagua mkia.

Udugu huo ndio unaoponza. Sisi mara nyingi tunailaumu habari yenyewe. Kiingereza humtaja msomaji aliyeshindwa. Mwanafunzi akifuata Kiswahili chake huandika "This invoice has no head or tail", na Mwingereza atabaki anakodoa macho. Kilichonisaidia ni kuwalazimisha waanze na mtu, waweke "can't" au "couldn't", kisha "make head or tail of", na kile kisichoeleweka kije mwisho: "The driver couldn't make head or tail of the invoice."

"Of" hudondoka kuliko neno lolote. Wengine hupachika "the" kabla ya "head", haitakiwi. Wamarekani husema "heads or tails", nayo ni sahihi, ila ikisimama peke yake ni kurusha sarafu. Huwezi kusema "I made head or tail of it" kwa maana kwamba umeelewa. Msemo huu unaishi kwenye ukanushi na maswali: "Can you make head or tail of this?" Ukielewa, tumia "make sense of", ambayo haibagui kukubali na kukanusha.

Tena ni wa kushindwa kabisa. Aliyesoma karatasi ya mizani akajua uzito lakini faini ikamtatiza, aseme tu "I don't understand the fine."

Swali linalorudi kila darasa ni hili: "Mwalimu, naweza kumwandikia mteja hivyo?" Mwenzako wa mezani, sawa, mwambie. Mteja ataona umemwambia barua yake ni ovyo. Huyo mwandikie "Could you please clarify item 4?" na utaje namba ya kipengele chenyewe, la sivyo atakutumia barua ileile tena.